Kompyuta Nyepesi na Mkoba Usiopungua

Daktari alinibonyeza bega la kulia mpaka nikaruka, kisha akaniambia nipunguze mzigo, la sivyo niombe kazi ya mezani. Mimi ni bibi shamba, nazungukia wakulima wa parachichi huku Rungwe, na kwangu mimi meza ni kifungo. Napenda kuchungulia chini ya majani, kuuliza kwa nini mti huu umezaa na jirani yake umenuna. Nilitoka pale nimeogopa kweli.

Mzigo wenyewe ni mkoba, na ndani yake kompyuta mpakato ya zamani, nene, inayounguruma kama mashine ya kusaga. Nikaihukumu hiyo bila kesi. Mjini Mbeya, pale Mwanjelwa, muuzaji alinionyesha nyingine, nyembamba.

"Dada, hii utaisahau begani."

Nikaipokea, nikairudisha, nikaipokea tena. Kwetu Kihesa, Iringa, nililelewa kuamini kwamba kitu cha maana hulemea mkono, kuanzia hindi lililojaa punje hadi kuku wa sikukuu. Hii ilikuwa ghali kuliko ile nene, na ilikuwa kama haipo. Je, ningelipia kitu, au ningelipia upungufu wa kitu? Nikamwambia muuzaji nitarudi, naye akanitazama kama anayejua wanaosema hivyo hawarudi.

Siwezi kukaa na swali bila kulipima. Jioni ya siku iliyofuata, nilipotoka shambani, nilipitia kituo tunachokusanyia parachichi, nikautundika mkoba wangu, na vyote nilivyorudi navyo, kwenye mzani.

"Bibi shamba, leo unajiuza mwenyewe?" karani akacheka.

Nikatia akilini pale mshale uliposimama. Kesho yake nikamwomba mwenzangu wa ofisini aniazime kompyuta yake, nyepesi kama ile ya dukani, nikapanda nayo milimani kwa pikipiki na miguu. Asubuhi ilikuwa raha tupu. Nilijikuta napiga mluzi.

Nyumba ya kwanza walinipa magimbi. Ya pili, maharage mabichi. Ya tatu, baba mwenye shamba aliuinua mkoba ili anivishe, akasita.

"Mbona mwepesi hivi? Huko ulikotoka hawakukupa kitu?"

"Wamenipa, baba. Ndaga sana," nikamshukuru kwa Kinyakyusa.

"Hapana. Hutatoka kwangu hivi." Akamwita mkewe, nao wakashindilia chane ya ndizi mpaka zipu ikagoma.

Jioni nikautundika tena mkoba. Mshale ukasimama palepale pa jana. Nilibaki nimeukodolea macho, nusu nacheka, nusu nataka kulia, maana kumbe kila siku watu walikuwa wanaujaza mkoba hadi pale wanapoona hawana tena aibu ya kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu. Kompyuta ikipungua, ndizi zinaongezeka.

Nikampigia mama simu Iringa, nikamuuliza ikiwaje nikianza kukataa zawadi za watu.

"Kataa basi," akasema. "Halafu kesho uende ukawaulize habari za miti yao, uone kama watakujibu."

Nililala na maneno hayo. Nilichokuwa nabeba begani ndicho kilichonifungulia milango. Katika mkoba ule wote, kitu pekee nilichoweza kukipunguza bila kumuumiza mtu kilikuwa ile mashine. Nikarudi Mwanjelwa. Muuzaji alishangaa kuliko nilivyotarajia.

Lakini bega bado liliuma, na nilijua kompyuta peke yake haitaliokoa. Safari iliyofuata, yule baba aliuinua tena mkoba, akaanza tena kumwita mkewe. Hapo nikaona nikinyamaza nitaishia mezani kwa adabu zangu. Nikamwambia yote: daktari, bega, ofisi nitakayofungiwa bega lisipopona.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ndizi mikononi.

"Kumbe tulikuwa tunakuumiza," yule baba akasema polepole.

"Hapana, baba, siyo..."

Hakunisikiliza. Alizichukua zile ndizi, akashuka nazo mteremko wote hadi barabarani pikipiki ilikonisubiri, akazifunga nyuma kwa kamba ya mpira, akaivuta kuhakikisha imekaza. Mkoba wangu akanipa mkononi, mwepesi vilevile.

"Sisi tutabeba mpaka hapa," akasema. "Wewe njoo tu."