Programu ya Bure na Fulana ya Bluu

Kama hujawahi kumwambia mfanyabiashara wa Katesh kwamba kitu ni cha bure halafu ukamuomba hela, usijaribu. Utachoka kabla hata ya chai.

Nilikuwa natunza programu ya mauzo kwenye kompyuta ya mama mmoja anayeuza mabati na saruji. Programu yenyewe wameiandika watu wa mbali huko, wakaiacha wazi mtandaoni. Anayeitaka anachukua, hata kuibadilisha ruksa. Mama alinilipa kila mwezi niitunze, na hela hiyo ndiyo ililipia chumba changu mjini. Ikikatika, narudi kijijini Nambis kulima vitunguu saumu na baba.

Siku moja akaniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Eti hii programu ni ya bure?"

"Bure kabisa. Si nilikwambia?"

"Sasa mimi nakulipa nini? Uzuri wako?"

"Huo nimekupa kama ofa, mama."

Hakucheka. Nikamweleza kwa mfano wa ng'ombe. Kwetu jirani akikupa ng'ombe wake umfuge, maziwa unakunywa wewe, samadi yako, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Hakuna anayesema umeiba maziwa, maana anayekata majani na kumpeleka joshoni ni wewe.

"Programu ndiyo ng'ombe wa watu," nikasema. "Mimi nakata majani."

"Majani yako ghali," akajibu.

Mwezi uliofuata ikaja kampuni kutoka Arusha, gari limeandikwa ubavuni. Wakamwekea programu yao. Nikachungulia: ni ileile! Wameipaka bluu na kuandika jina lao. Bei, zaidi ya yangu.

"Mama, hii si ndiyo ile ya bure?"

"Najua. Ila hawa ikiharibika nina mkataba, nina ofisi ya kwenda kupiga kelele. Wewe nitakukamata wapi, shambani?"

Nikaenda chumbani kufunga godoro, nirudi Nambis.

Kabla sijaondoka, kampuni ikanipigia. Arusha mbali, wanataka mtu wa hapahapa wa kwenda dukani programu ikigoma. Malipo madogo kuliko aliyokuwa ananipa mama. Nikakubali. Kubishana kunachosha, na jembe linachosha zaidi.

Jumatatu programu ikagoma kwa mama. Nikaingia na fulana yao ya bluu.

"Karibu mtaalamu," akasema, akanivutia kiti.

Muda wote nilipokuwa namfanyia kazi kwa jina langu, nilikuwa nasimama.