Vibua Walioshonwa Midomo

Pale gatini, watu walimjua Sindano kwa mikono kabla ya kumjua kwa sura. Ilikuwa mikono mipana, imekatwakatwa na nailoni kila kidole, lakini ukiipa uzi na samaki mdogo ilifanya kazi kama ya mshona darizi. Kibua wa chambo aliyeshonwa na Sindano aliburutwa nyuma ya boti huku anaogelea kabisa, hazunguki majini kama kopo. Ndoana ilifichwa tumboni, nailoni ikapitishwa mdomoni, kisha mdomo ukafungwa kwa uzi mweupe. Sulisuli, yule samaki mwenye pezi kama tanga na mdomo kama upanga, hakuwa na namna ya kujua kwamba anachokikimbilia kimekufa tangu jana.

Wakati huo wageni waliokodi boti walikuja kuvua. Siku hizi wanakuja kupigwa picha wakivua. Kuna vibua wa plastiki wanaouzwa dukani ndani ya pakiti, wana rangi ambazo samaki hakuwahi kuzivaa tangu dunia iumbwe, na mbele ya usukani kuna kioo cha mashine kinachomwonyesha nahodha kila kitu isipokuwa adabu. Kazi ya mikono imehamia kwenye betri. Siku betri ikizima, utamwona nahodha wa kisasa anavyoigeukia bahari kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba ya wenyewe.

Sindano naye alikuwa nahodha, na boti ilikuwa ya tajiri mmoja mwenye boti kadhaa. Aliiendesha mpaka mvi zikamwota. Kisha jicho la kulia likaanza kuingia ukungu. Asubuhi hakuwa na shida, lakini jioni wakati wa kurudi, jua likiwa usoni, hakuliona boya la kwenye mlango wa mwamba. Akafanya kosa la kumwamini mtu. Mtu mwenyewe alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye Sindano alimtoa kwenye kubeba mizigo sokoni akamfundisha ubaharia tangu kufunga fundo. Watu walimwita Miwani kwa sababu ya miwani yake ya jua, ambayo hakuivua hata msibani.

"Shemeji," Sindano alimwambia, "jua likishuka, simama karibu yangu. Ukiliona boya, ninong'oneze. Na jambo hili liishie hapa."

"Litaishia hapa, shemeji. Wewe ni baba yangu."

Msimu mzima Miwani alisimama karibu na kunong'ona. Sindano aliamini amepata mtoto wa kumzaa. Kisha jioni moja boti ilifika gatini, wageni wakawa wanashuka, na tajiri amesimama pale na funguo zake. Miwani akapaza sauti.

"Tajiri, afadhali niliseme hili kabla hatujaua watu. Huyu haoni. Mimi ndiye ninayeingiza boti hii kila siku. Mimi ndiye macho yake."

Mgeni wa siku hiyo alikuwa mfanyabiashara wa saruji, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyekodi boti ile kila mwaka. Bwana Saruji alicheka mpaka akakalia sanduku la barafu. "Kumbe miaka yote nazungushwa na kipofu!" Basi gati zima likacheka. Walicheka hata mabaharia aliowafundisha Sindano, ila hao waligeuza nyuso pembeni kwanza. Kesho yake Miwani alikuwa usukanini. Sindano alishuka ngazi na ndala zake mkononi, na hakuna aliyemwambia hata pole.

Tangu hapo alikaa nyumbani akishona chambo cha kuuza. Chumba cha nyuma kilikuwa na meza ya bati, beseni, kisu cha kuparia na sanduku la barafu. Mkewe alikaa upande wa pili wa meza, naye akishona. Mkewe alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo nyuzi zake zililalia upande mwingine kuliko za mumewe. Sindano alizoea kumtania: "Mama, vibua wako wanarudi kinyumenyume."

"Mradi wanafika," mkewe alimjibu.

Miwani alipokuja kumwona dada yake, Sindano alimpa kiti, akammiminia chai, akamuuliza hali ya watoto. Watu wakasema mzee amesamehe. Hawakumjua. Aliilea chuki yake kama mtu anavyolea mbuzi wa kuchinja: aliikatia majani, akainywesha maji, akawa anaipapasa mgongo kuona kama imenona.

Mwaka huu ilinona.

Upepo mkali ulikuwa umekata na maji yakaanza kusafika. Boti zilikwanguliwa, zikapakwa rangi, zikashushwa majini moja moja. Siku ya kufungua msimu pale gatini ina utaratibu wake. Boti zote hungoja kwenye boya la nje mpaka kipenga kilie. Boti ambayo baharia wake atakuwa wa kwanza kumshika sulisuli mdomo, ubavuni pa boti, ndiyo hupandisha bendera, na msimu mzima hufungwa kwenye kichwa cha gati, mahali ambapo kila mgeni anayeshuka anaiona kwanza. Mwaka uliopita Miwani alikosa. Tajiri akamwambia mbele ya mafundi wa injini: "Mwaka mzima nimefungwa kule mwisho, karibu na choo. Ukikosa tena, usukani nampa mtoto wa kaka yangu." Maneno hayo yalifika kwa Sindano kabla rangi haijakauka.

Siku moja kabla ya ufunguzi, Miwani alipiga hodi.

"Karibu, shemeji," alisema Sindano. "Vua miwani, humu ndani hakuna jua."

Miwani hakuvua. Aliangalia beseni, akaangalia dari. "Bwana Saruji amekodi boti kesho. Anataka vibua wa kushonwa. Nimemwonyesha wa plastiki, hataki. Anasema anataka wa Sindano."

"Aa. Wa kisasa wameugua?"

"Shemeji, usinitanie. Kesho nikikosa nashuka."

"Kushuka si kazi. Ngazi zile nazijua. Ushikilie tu ndala vizuri."

Mkewe aliacha kuosha vikombe. "Mshonee, baba. Huyu ni ndugu yangu."

"Nani amesema simshonei?" Sindano alicheka, na kicheko chake kilikuwa laini. "Nitamshonea vibua hatawasahau."

Miwani alishukuru mpaka mlangoni. Mkewe Sindano hakucheka wala hakushukuru. Alimtazama mumewe, kisha akarudi kwenye vikombe.

Mchana huo Sindano alishona peke yake. Alichagua vibua wanono wenye macho safi. Kila mmoja alimtia ndoana, akampitishia nailoni, na kabla ya kufunga mdomo akaikwangua nailoni kwa ncha ya kisu, mahali ambapo midomo ingefunika. Hakuikata, aliikwangua tu. Samaki mdogo angevutwa akafika. Sulisuli mzito angekimbia mbio ya kwanza, ya pili, na anapokaribia boti na kutikisa kichwa, nailoni ingekatika puu. Kisha akashona midomo, akakaza uzi. Nani angejua? Samaki angekwenda zake na ushahidi mdomoni.

Alipomaliza aliweka sanduku kivulini, akavaa shati safi, akaenda kunyolewa.

"Mzee, una harusi?" kinyozi alimuuliza.

"Nina mtu wa kumsindikiza kesho."

"Anasafiri?"

"Anashuka. Nyoa na shingo."

Aliporudi, mkewe alikuwa anasuuza mikono. "Nimewaongezea barafu," alisema. Sindano akaridhika. Asubuhi alifunua sanduku, akaona migongo inayong'aa na midomo myeupe imepangwa kama askari. Akafunika.

Alikusudia kukabidhi sanduku, akae zake ukutani pale gatini, angoje kuiona boti ikirudi bila bendera. Lakini Bwana Saruji alimwona.

"Sindano! Mzee wangu! Umekonda! Panda, panda, leo tunakwenda wote."

Alimpiga mgongoni kwa kiganja kama jembe. Hakukumbuka lolote. Wenye kucheka husahau upesi. Sindano alifikiri kidogo, akaona kwamba mambo yakiharibika mbele ya macho yake itakuwa tamu zaidi. Akapanda. Alikaa nyuma, kwenye benchi, mahali ambapo hakuwahi kukaa maishani. Baharia, kijana mwenye mwili, alimwondolea sanduku miguuni.

"Pumzika, mzee. Usichafue shati."

Kipenga kililia. Injini zikanguruma, boti zikatawanyika na moshi wake. Fito za pembeni zikashushwa, vibua wakaachiwa nyuma, na hata mtu mwenye uchungu kama Sindano alipata raha kuwaona: walikuwa wanaogelea, kushoto, kulia, chini, juu. Miwani alikodolea kioo cha mashine. Redioni manahodha walikuwa wanadanganyana kama kawaida, kila mmoja akilia kwamba kwake hakuna kitu.

Jua lilikuwa limepanda vizuri pale kivuli cheusi kilipoinuka nyuma ya kibua wa kulia. Upanga ukachungulia, ukapiga, mshipi ukalia. Samaki aliruka pezi wazi, akajipindua, akaanguka kama mlango.

"Mkubwa!" baharia alipiga kelele. "Mkubwa, Bwana!"

Bwana Saruji alikaa kwenye kiti cha kuvulia, akajifunga mkanda, akaanza kuhema. Sindano alishika ukingo wa boti. Mbio ya kwanza. Nailoni ilishika. Mbio ya pili. Ilishika. Usukanini, Miwani alikuwa anarudisha boti nyuma taratibu. Vua miwani uone vizuri, Sindano alimwambia moyoni. Angalia unavyoshuka. Na wewe mnene, nataka nisikie utakavyocheka leo.

Samaki aliletwa karibu. Akatikisa kichwa. Nailoni ilishika.

Sindano alishangaa. Labda aliikwangua kidogo mno. Wakati huohuo redio ikapiga ukelele: boti nyingine ilikuwa na samaki wake ubavuni. Baharia alijipinda nje kuufikia mdomo wa sulisuli, mkono haukufika.

"Nailoni!" Miwani alilia. "Mtu aishike nailoni amvute!"

"Sindano, wewe!" alihema Bwana Saruji. "Mkono wa zamani!"

Sindano hakungoja kuambiwa mara ya pili. Mtu gani angepewa bahati kama ile, kuombwa na adui zake amalize mwenyewe? Aliizungusha nailoni kiganjani, akakanyaga ukingo, akaivuta kwa ghafla na kwa nguvu zote za msimu ule mzima wa kunong'onezwa, apate kuikata.

Haikukatika. Kichwa cha sulisuli kilikuja mpaka ubavuni, mdomo juu, kikaingia mikononi mwa baharia.

"Nimemshika! Nimemshika!"

Miwani aliita redioni mpaka sauti ikapasuka. Bendera ikapanda. Bwana Saruji alikuwa analia machozi na kucheka kwa pamoja. "Mnaona mvuto ule? Mnauona? Huyo ndiye Sindano!" Baharia alichomoa ndoana na kumwachia samaki azame zake. Kibua alikuwa ameteleza juu ya nailoni, akabaki mkononi mwa Sindano, amechanika tumbo lakini mdomo mzima. Alipitisha kidole gumba juu ya uzi. Akarudia. Nyuzi zililalia upande mwingine.

Jioni waliporudi, jua likiwa usoni, Miwani alipita mlango wa mwamba bila kunong'onezwa na mtu, akapiga honi mpaka kwenye kichwa cha gati. Alishuka, akavua miwani mbele za watu, akamkumbatia Sindano. "Shemeji, umenirudishia usukani. Mkono wako huu!" Watu wakapiga makofi. Palepale alipochekwa ndipo aliposhangiliwa, na makofi yale yalimuuma kuliko kicheko.

Nyumbani mkewe alikuwa mezani, mbele yake vibua wengine.

"Ulijuaje?" Sindano aliuliza kabla ya kuketi.

"Tangu lini wewe unakwenda kunyolewa siku ya kushona? Na midomo uliibana mno. Nikafumua mmoja nikaona."

"Ukawafumua wote."

"Wote. Nikatia nailoni mpya." Hakuinua macho. "Alichokufanyia nilimwambia ni kibaya, na sijamsamehe mpaka leo. Lakini usukani ule unalisha watoto wake, nao wananiita shangazi. Sikukubali."

"Umeniaibisha."

"Nani amejua? Nimesikia gati zima linakusifu."

"Ndiyo aibu yenyewe!" Alipiga meza, beseni likaruka. "Nimemvuta mwenyewe, mama! Kwa mkono wangu nimempa!"

Mkewe akasema polepole, kama mtu anayenong'ona penye boya: "Asubuhi ulifunua sanduku. Ukawaangalia wote. Nikasema moyoni, sasa ataona ni mkono wangu, tutagombana. Hukuona, baba."

Sindano alivuta kiti, akachukua kibua, akachukua uzi. Alijaribu kuutunga, ukapita pembeni ya tundu. Aliulowesha kwa mate, akajaribu tena, ukapita pembeni. Mkewe alinyoosha mkono wa kushoto, akapokea vyote viwili, akatunga mara moja.

"Msimu ndiyo kwanza unaanza," alisema Sindano, akimtazama kwa jicho lile zima. "Atakuja tena kutaka vibua."

"Najua," alisema mkewe, akimrudishia sindano. "Na uzi nitakutungia mimi."