Nilipojibu Nimeshapoa

Kama ningekuwa mtu wa kutunga, ningetunga jambo lenye mwisho mwema. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Stockholm, Desemba iliyopita. Niliishia darasa la saba na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua. Nayaandika kwa sababu nyumbani hakuna anayeweza kuyasikiliza tena.

Mke wangu, mama Neema, alifariki mwezi wa Machi. Kwetu Tanzania alikuwa mwalimu wa historia sekondari. Hapa alipika kwenye jiko la shule ya watoto. Kuna mada aliyoifundisha miaka sita bila kuiona kwa macho: makoloni ya Waingereza kule Amerika, kabla haijawa Marekani. Alisema alijiona kama mtu anayesimulia harusi ambayo hakualikwa. Basi mwaka mmoja kabla hajaugua tulikwenda. Tulikodi gari Boston, tukashuka nalo kusini siku tisa, tukiipita ile miji mikongwe mmoja baada ya mwingine. Mimi naendesha, yeye ameshika simu anajirekodi huku akinieleza, na kila kibao cha ukutani ananisomea. Video ziko thelathini na kitu. Baada ya mazishi nilisikiliza moja kila siku kabla ya kulala. Ndiyo dawa pekee niliyokuwa nayo.

Siku hiyo nilitoka kazini Tensta, ambako natunza wazee majumbani mwao, nikapitia Rinkeby kununua sembe na dagaa. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri na giza lilikuwa limeshaingia. Desemba hapa usiku haungojei jioni. Nikapanda treni ya kwenda mjini ili nibadilishe kituo kikuu, T-Centralen, nichukue ya Hagsätra ninakoishi. Mama mmoja akaingia nyuma yangu, akakaa kiti cha mbele yangu, magoti yetu karibu kugusana. Alikuwa amenizidi umri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Kisha akasema, "Pole na mwenzio, baba Neema."

Sikushtuka. Msiba wetu ulijaza ukumbi wa kanisa: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, wengi wao siwajui mpaka leo. Nikamdhani ni mmoja wao. Nilichojiuliza ni ametoka wapi, maana Kiswahili chake hakikuwa cha Mombasa, wala cha Bukavu, wala cha kwetu. Halafu nikaona theluji mabegani mwake. Ndani ya treni kuna joto la kukuvua koti, niamini, lakini theluji ile ilibaki nyeupe vilevile kituo baada ya kituo.

Utasema ningehama kiti. Ungehama wewe, kama miezi tisa ingepita hakuna anayekuuliza habari za mkeo? Watu huacha kuuliza. Wanadhani wanakuhurumia. Yule mama aliniuliza, "Alipenda nini?" Nami nikamweleza safari yetu.

Nilimweleza Plymouth, jinsi mke wangu alivyoliona lile jiwe maarufu, wanalosema wahamiaji wa Kiingereza walilikanyaga waliposhuka merikebuni, akacheka hadi akashika tumbo, akasema jiwe la kusagia la mama yake lina heshima zaidi. Nilimweleza Newport na nyumba zake za mbao. Nilimweleza Williamsburg, ambako wafanyakazi huvaa nguo za kale na kujifanya watu wa zama zile, naye akamuuliza mhunzi mmoja kama mkewe humruhusu kuingia ndani na buti zile. Mwisho nikamweleza Annapolis, ambayo sikuwahi kumweleza mtu. Pale gatini, ambako zamani Waafrika walishushwa na kuuzwa, mke wangu alizima simu, akasimama ukingoni, akasema maneno machache. Hayamo kwenye video yoyote. Yalikuwa yangu tu. Nikampa.

Kadiri nilivyoeleza, yule mama alikuwa akirudia mwisho wa sentensi zangu, polepole, kama mtu anayejifunza wimbo. Mke wangu alikuwa mtu wa Njombe, na neno la mwisho alikuwa akilivuta kidogo. Nikasikia na huyu ameanza kuvuta.

Treni ilipokaribia T-Centralen akaniinamia. "Pole sana," akasema.

Nikajibu kama tulivyofundishwa tangu utoto. "Asante mama, nimeshapoa."

Ni jibu tu, unalijua. Mtu akijikwaa, akiugua, akifiwa, hujibu nimeshapoa hata kama damu bado inatoka. Lakini yeye alinitazama kama aliyepewa ruhusa.

"Umeshapoa?"

"Nimeshapoa."

"Haya, baba Neema, shuka, usije ukapitwa na treni yako."

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Sisemi ilifanana. Ilikuwa yake, pamoja na kile kikohozi kidogo kabla hajaanza kusema. Nilisimama, mfuko wa sembe ukaniponyoka, milango ikafunguka, watu wakaingia katikati yetu. Nilipowapenya, kiti kilikuwa kitupu.

Nilipofika nyumbani nikafungua video ya barabara ya Newport. Nikasikia matairi. Nikasikia indiketa ya gari. Nikajisikia mwenyewe nikisema "Kweli?" kisha nikicheka. Midomo yake inacheza, sauti hamna. Nikafungua nyingine, na nyingine, mpaka zikaisha. Kote namjibu mtu asiyesikika.

Nikamwita Neema, binti yetu, ana miaka kumi na sita. Akasikiliza, akanijibu kwa Kiswidi kama kawaida yake: lakini baba, mama anaongea. Anakuambia upunguze mwendo.

Kwa hiyo sauti ipo. Ni mimi niliyeipoteza. Hata kichwani haimo. Namwona akiniita na siisikii. Na maneno ya Annapolis yameondoka nayo. Ningekuandikia hapa kama ningeyajua. Naona aliposimama, naona upepo ukicheza na kitambaa chake, naona mdomo ukifunguka. Neema hakuwepo pale, hawezi kunisaidia.

Daktari amenipima masikio, ni mazima. Mchungaji ameniombea. Kwa wiki kadhaa Neema alikaa kando yangu akirudia maneno ya mama yake kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama, mpaka siku moja akaweka simu mezani, akasema, "Pappa, jag orkar inte." Hawezi tena. Sikumlaumu. Naye amefiwa.

Nikipata nafasi napanda treni ile, saa ileile. Nataka kumwambia yule mama kwamba nilidanganya. Hajarudi, na sidhani atarudi. Alichokitaka alikipata, na nilimpa mwenyewe, kwa adabu.

Wewe ambaye marehemu wako bado anaongea ndani ya simu yako, nakuomba jambo moja. Ukipewa pole na mtu usiyemjua, sema asante, unyamaze. Akikuuliza kama umepoa, usimjibu kwa mazoea. Mwambie kweli, hata mbele za watu, hata kama utaonekana hukufunzwa. Mwambie hujapoa.