Kibati Namba 17 na Funguo Tatu

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi, kufuli la lango la kitalu karibu na Dagoretti Corner halina hata mkwaruzo. Ndani, kwenye rafu ya tatu, kuna duara lisilo na vumbi. Jana jioni palikuwa na mkebe.

Kisilu Muli haligusi duara hilo. Anahesabu mikebe kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, na kuandika kwa penseli. Mara zote mbili anapata 213. Jana ilikuwa 214.

“Umeenda ule wa kibati namba kumi na saba,” anasema. “Ndio nilioungojea.”

Muli, mwenye umri wa miaka 38, ni tarishi katika ofisi ya mawakili Government Road. Mshahara wake ni shilingi 260 kwa mwezi. Mwisho wa juma hufanya kazi bila malipo na wenzake kumi. Tangu 1969 wamekuwa wakiing’oa mimea ya asili mahali panapokaribia kujengwa au kuchimbwa mawe, na kuitunza katika mikebe ya mafuta ya kupikia hadi ipatiwe ardhi salama.

Kila mkebe una kibati chenye namba. Jina la mmea limo katika daftari pekee, na mimea adimu imeandikwa kwa wino mwekundu.

Tangu Novemba 1972 hadi Machi hii, mikebe minane imetoweka kabla ya huu wa leo. Yote ni ya wino mwekundu. Kufuli halijavunjwa hata mara moja.

Funguo ni tatu. Mmoja anao Muli. Wa pili anao Rael Naliaka, mpiga chapa anayetunza daftari. Wa tatu anao mwenyekiti wa kikundi, Barnaba Ogutu, karani mstaafu wa posta, ambaye hulikagua daftari kila Alhamisi.

Aliyeshukiwa kwanza ni Muli. Anaishi chumba kimoja Riruta, hubeba mikebe kwa baiskeli, na ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wenzake wawili wenye funguo. Wiki mbili zilizopita Ogutu alimtaka arudishe ufunguo leo, mbele ya wanachama.

“Kuwa maskini sikatai,” anasema Muli. “Lakini nikirudisha ufunguo kabla mwizi hajajulikana, mimi ndiye mwizi mpaka nizikwe.”

Namba 17 ilikuwa ya mshubiri mdogo wa miambani. Muli alikuta mishubiri sita ya aina hiyo kwenye timbo la mawe upande wa Machakos mwaka 1971, wiki moja kabla ya baruti. Mitano imeibwa. Timboni kumebaki shimo.

Alhamisi jioni, baada ya Ogutu kulikagua daftari na kuondoka, Muli alifanya jambo ambalo hakumwambia mwanachama yeyote. Alikihamisha kibati namba 17 hadi kwenye mshubiri wa kawaida, ule ambao Wakamba huuita kiluma na ambao huota hata kando ya vyoo. Ule adimu akaupa namba 92. Aliandika hayo kwenye karatasi, akaifunga katika bahasha na kuipeleka kwa Nthenya, muuza chai wa ng’ambo ya barabara, ambaye si mwanachama.

“Aliniambia nitie kidole cha wino hapo pa kufungia,” anasema Nthenya. “Nikamuuliza, Kisilu, umeniletea wosia? Hakucheka.”

Saa tatu asubuhi wanachama tisa wameketi kitaluni. Nthenya analeta bahasha. Alama ya kidole ni nzima. Ogutu anaifungua na kuisoma kwa sauti hadi mwisho.

“Hii haikusafishi,” anamwambia Muli. “Ulijua ni kiluma. Unaweza kuwa umeichukua mwenyewe utuchezee.”

“Ni kweli, mzee. Ningeweza.”

Muli anaweka mikebe miwili mezani: mmoja una mshubiri wa timboni, mwingine kiluma kingine. Ameiondoa vibati. Mishubiri hiyo ingali michanga na kwa macho inafanana.

“Aliyechukua alifuata kibati,” anasema. “Hajui mimea. Sisi wa funguo tuonyeshe, ule wa timboni ni upi?”

“Mimi sijui,” anasema Naliaka. “Mimi naandika tu vile mnaniambia. Miaka minne sijawahi kujua, na sijawahi kusema najua.”

Ogutu, ambaye mwaka jana alitoa hotuba tatu kuhusu mishubiri adimu, anaitazama mikebe.

“Leo sikuja na miwani.”

“Na barua umeisoma saa hii, mzee,” anasema Naliaka.

“Hata hivyo hii haitaki miwani,” anasema Muli. “Inataka kidole. Ule wa timboni ukiushika jani chini, unakwaruza kama ulimi wa ng’ombe. Shika tu, mzee.”

Ogutu hanyoshi mkono. Anasema amechoka, na kwamba kazi hii inahitaji vijana. Anaweka ufunguo wake mezani na kutoka. Ni saa tatu na dakika arobaini.

Jaribio hilo halithibitishi nani aliyeiba. Muli mwenyewe anakataa kutaja jina.

“Sikumwona mtu akichukua. Nisichokiona sikisemi, hata kama wao walikisema juu yangu.”

Anakusudia kuurudisha mshubiri wa timboni Machakos mvua zikishika, kwenye mwamba usio na mawe ya kuuza. Mahali penyewe hakupaandika kwenye daftari.

Saa nne na dakika kumi kibati namba 17 kingine kinakatwa na kufungwa kwenye mkebe wa mshubiri huo adimu. Hakuna anayepinga Muli kubaki na ufunguo.

Saa nane mchana lango linafungwa kwa kufuli jipya. Lina funguo mbili. Muli anachukua mmoja, Naliaka mwingine. Hakuna aliyeomba wa tatu uchongwe.