Kioo cha ukungu kilichoonyesha jina la mwanangu

Mtu nisiyemjua amenipigia simu leo akimuulizia mwanangu. Kwa jina lake lote.

Jamani, nisikilizeni.

Mnajua nafuma masweta ya watoto hapa Mabatini. Wiki hii nimejifunza kutengeneza ukurasa wangu wa mtandaoni, nikaweka namba yangu na picha ya mwanangu Nuru kavaa sweta la njano. Ndiyo picha pekee ambayo anacheka, ila ameshika kadi ya kliniki.

Sikutaka kadi isomeke. Nikaifunika kwa kiboksi cheupe, kisha nikakipunguza weupe kiwe kama kioo chenye ukungu. Kikapendeza! Kwangu hakikusomeka kitu.

Sasa huyo mama kwenye simu: "Nuru Paulo hajambo? Bado ana kilo nane?"

Nikambeba mtoto, nikafunga mlango. "Wewe nani? Umemjuaje mwanangu?"

"Mh! Dada, mimi mteja tu, niko Misungwi. Wangu naye ana kilo nane, nataka sweta la saizi hiyo. Si umeandika mwenyewe kwenye picha?"

"Sijaandika!"

"Hebu ongeza mwanga wa simu yako."

Simu yangu huwa naipunguza mwanga ili chaji isiishe. Nikaongeza. Maskini mimi! Jina, kilo, tarehe ya kuzaliwa, mtaa wetu, vyote vinaonekana chini ya ukungu wangu.

Picha nimeitoa. Lakini ilikaa siku tatu, na sijui nani mwingine ameiona.

Kama uliihifadhi, tafadhali ifute. Kunicheka utanicheka baadaye. Ifute kwanza.