Mtu Aliyetuonyesha Pa Kufunga Mnyororo

Najua utakachosema. Utasema muuguzi huyu alikuwa na usingizi, au njaa, au vyote viwili. Sema tu. Lakini siku ile mkono wangu huu wa kulia ulikuwa umeshikilia uhai wa mtoto, na mkono wa namna hiyo hausinzii. Nilimwona mchana, mvua ikinyesha, kupitia kioo cha mbele cha gari. Wanakijiji walimwona. Shemeji yangu alizungumza naye uso kwa uso. Ninakuambia niliyoyaona, sina la kuongeza.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Kila boti iliyofika ilishusha watu, wengine kutoka Burundi, wengine kutoka Kongo, na magari ya mashirika yakawapandisha kambini kwa barabara ya Mwandiga, kutwa kucha. Mimi nilikuwa mkunga katika zahanati ya kambi. Ni Mha wa hapo hapo Mwandiga, kwa hiyo Kirundi hakinipi shida. Dereva wetu alikuwa Ramadhani, Mmanyema wa Ujiji, aliyemuoa mdogo wangu. Mtu mwema, lakini maneno! Ukipanda gari lake utashuka unajua historia ya ukoo wake mzima, na bado hujaulizia.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Magari yale meupe yalifika Kigoma kwa treni, juu ya mabehewa yasiyo na kuta. Mji mzima ulikwenda stesheni kuyatazama. Chini ya bampa ya mbele kila gari lilikuwa na pete mbili za chuma, na minyororo ilikuwa imepitishwa mle kulifunga gari lisiteleze safarini. Madereva wetu wakaona kwa macho yao, basi, wakahitimu. Tangu siku hiyo gari likikwama, mnyororo unafungwa kwenye pete. Ramadhani alikuwa na usemi wake: "Pete imelishika gari kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, itashindwa na tope la Mwandiga?" Tulicheka, tukamwona ana akili. Nani kati yetu angejua kwamba kulishika gari lililosimama ni kazi moja, na kuling'oa kwenye tope ni kazi nyingine kabisa?

Siku yenyewe tuliletewa zahanati mama mmoja, Mrundi, jina lake Esperansi. Mimba yake ya kwanza. Nilipompima nikakuta kamba ya kitovu imetangulia, imekuja mbele ya kichwa cha mtoto. Kichwa kikishuka kinaibana kamba, na kamba ikibanwa mtoto anakufa. Pale kambini hatukuwa na chumba cha upasuaji. Dawa ilikuwa moja tu, kumkimbiza hospitali Kigoma, na njia nzima mtu aingize mkono akisukume kichwa cha mtoto juu kisiiguse kamba. Mtu huyo ni mimi. Tukampandisha nyuma ya gari, juu ya godoro, amepiga magoti, kifua chini, makalio juu, uso umezama kwenye godoro. Nami nikakaa nyuma yake, mkono mahali pake. Sikuweza kuutoa. Yeye hakuweza kugeuka.

Njiani, katikati ya maumivu, alinieleza habari zake. Walikuwa wameshuka boti pamoja na mumewe, Gaspari. Wanawake wenye mimba wakapakiwa gari la kwanza, wanaume wakaambiwa watafuata na gari la nyuma. Gari la nyuma lilifika kambini, Gaspari hakuwemo. Kila alipouliza aliambiwa labda amepelekwa kambi nyingine, asubiri.

"Atakuja," akaniambia. "Yule hawezi kuniacha."

Nikamwambia ndiyo, atakuja. Ungesema nini wewe?

Kabla ya kufika Mwandiga kuna bonde, na masika bonde lile linakuwa uji. Ramadhani akaingia kwa mbwembwe zake. "Hii ni foo-wili, shemeji, inapita hata..." Hakumaliza. Gari likazama hadi mlangoni. Akakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka, tukazidi kuzama.

"Ramadhani!" nilimpigia kelele. "Nina mtoto mkononi hapa!"

Bahati ilikuwapo lori la mahindi upande wa pili, limeshavuka. Dereva wake akarudi nyuma hadi ukingoni, akashusha mnyororo. Wanakijiji wakatoka migombani, wanaume na majembe yao, akina mama, watoto, wakajipanga pande zote mbili za mnyororo, maana kwetu gari likivutwa ni ngoma, kila mtu anataka kuwa karibu. Wengine waliushika kabisa kwa mikono. Ramadhani akachuchumaa mbele ya gari apitishe mnyororo kwenye pete.

Hapo ndipo alipotokea. Sikumwona akitoka wapi. Nilichoona ni kijana mrefu, shati jeupe, amesimama juu ya mnyororo, mguu huku na mguu huku.

"Si hapo, mukubwa," alisema. "Hicho ni cha kufungia tu. Kitang'oka."

Ramadhani akainuka, mvua inamchuruzika, hasira zimempanda. "Wee mkimbizi, umeanza lini udereva? Toka njiani, nina mgonjwa!"

Yule kijana hakubishana. Aliingiza mkono ndani ya shati, kifuani, akatoa pete ya chuma, sawasawa na zile za gari letu, na kipande cha bati kikiwa kimechanika nayo. Akamkabidhi Ramadhani. "Hiki nacho kilikuwa hapo."

Niamini, sijawahi kumwona shemeji yangu akikosa neno, isipokuwa siku hiyo. Aliniambia baadaye kwamba chuma kile kilikuwa na joto, wakati mvua ilikuwa ya baridi ya kutetemesha.

Kijana akalala chali kwenye tope, akaingia chini ya gari. Nilisikia mnyororo ukigonga chini yetu. Alikuwa akiupitisha kwenye kulabu nene zilizofungwa kwa bolti kwenye chesisi, zote mbili, kulia na kushoto, kulabu ambazo Ramadhani alikuwa nazo miaka yote na hakuwahi kuinama kuzitazama. Akatoka. Akaomba blanketi, akalilowesha kwenye dimbwi, akalitandika katikati ya mnyororo, uzito wa kuuzuia usiruke ukikatika. Kisha akanyoosha mikono akaanza kuwarudisha watu nyuma, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. "Nyuma! Nyuma tena! Watoto kule kwenye migomba!" Wakarudi. Sijui kwa nini walimtii mgeni, lakini wakarudi wote.

Aliposema "nyuma tena," Esperansi akakakamaa mikononi mwangu.

"Ni we," alisema, kwa Kirundi. Ni yeye. "Sista, huyo ni Gaspari."

"Tulia, mama."

"Ninamjua! Hiyo ni sauti ya mume wangu! Niache nimwone."

"Esperansi, ukigeuka mtoto atakufa. Nasikia mapigo ya kamba kwenye vidole vyangu, mtoto yu hai. Usigeuke."

Akauma godoro. Nakuambia, aliuma godoro, machozi yanamtoka, na hakugeuka. Aliita tu. "Gaspari! Gaspari we!"

Yule kijana akageuza kichwa. Kwa kioo cha mbele nikauona uso wake vizuri, uso wa mtu mwenye huzuni kuliko watu wote niliowahi kuwahudumia, na nimehudumia wengi. Aliinua mguu kama anayetaka kuja kwetu, kisha akaurudisha. Shati lake, mtu aliyetoka kulala kwenye tope, lilikuwa jeupe pe.

"Njoo, bwana, mkeo huyu hapa!" Ramadhani alimwita. Alikuwa keshakaa kwenye usukani.

"Mna haraka," alijibu. "Mwambieni nitafuata na gari la nyuma."

Lori likavuta. Mnyororo ukanyooka, ukalia, gari likatikisika, likatoka. Ramadhani hakushuka hata kufungua mnyororo. Dereva wa lori ndiye aliyeshuka akaufungua mbio mbio, akatupa blanketi kwenye kiti cha mbele, nasi tukaondoka. Kioo cha nyuma kilikuwa kimejaa tope. Hata kama ningeweza kugeuza shingo nisingeona kitu.

Hospitali walimwingiza moja kwa moja. Alizaliwa mtoto wa kike, akalia. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi, sikuweza hata kushika kikombe cha chai. Nililia kwa furaha, sikufichi.

Nilipotoka nje nikamkuta Ramadhani amekaa chini na dereva mwenzake, mtu mzima wa mtaa wa Mwanga, ile pete imewekwa kati yao.

"Mmeitoa wapi hii?" yule mzee aliniuliza. "Hii ni ya gari langu."

Akatueleza. Yeye ndiye aliyeendesha gari la nyuma siku ambayo Esperansi alipandishwa kambini. Alikwama bonde lile lile. Wanaume wakashuka kusaidia, mnyororo ukafungwa kwenye pete, maana sote tulifunga hapo. Pete iling'oka. Ilirushwa kama jiwe la manati, ikamwingia kijana mmoja kifuani, ikazama. Akafa pale pale. Hakuna aliyemjua jina. Wanakijiji wakamzika jirani na migomba, na chuma kikiwa ndani, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukitoa. Kazini hakumwambia mtu, akiogopa kufukuzwa.

"Tulimzika nayo, Sista," alisema. "Wallahi tulimzika nayo."

Kesho yake tulikwenda sote watatu. Kaburi halikuwa limeguswa, majani yalishaanza kuota juu yake. Ramadhani akasoma dua yake, mimi nikasali sala yangu, tukaifukia pete pale pale. Tangu hapo hakushika usukani tena. Aliomba kazi ya kupima samaki mwalo wa Katonga, na maneno yake mengi yakaisha. Mdogo wangu analalamika mpaka leo kwamba aliolewa na kasuku, sasa anaishi na bubu.

Lakini hilo si linaloniuma. Linaloniuma ni Esperansi.

Alipopata nguvu nikamweleza, nimeshika mkono wake, taratibu, kama tulivyofundishwa kutoa habari za msiba. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Amekufa lini?"

"Siku ile mliyoshuka boti."

"Siku ile nimeshuka boti," alirudia. "Na juzi nimemsikia. Wewe umemwona?"

Ningemwambia nini? Nilimwona.

"Amesimama kwa miguu yake?"

"Amesimama."

"Amesema atafuata?"

"Amesema."

"Basi kwa nini unamzika mume wangu?"

Nilimpeleka kaburini. Akatazama udongo ule, mtoto mgongoni, akasema, "Huyu simjui." Hakulia. Hakukaa matanga, hakunyoa nywele, hakuruhusu hata wenzake kambini waimbe. Wakati wa kurudi kwao ulipofika, watu wakipanda meli bandarini Kigoma na magodoro yao, yeye hakuondoka. Alisema Gaspari akija na gari la nyuma atamtafuta hapa hapa. Amejenga Mwandiga, ukingoni mwa barabara. Wanaume wamekuja kumposa, wazuri tu, wenye mashamba. Anawajibu kwamba ana mume. Magari ya mashirika siku hizi ni machache, lakini likipita moja lazima atoke mlangoni.

Ndugu wa marehemu hulia, wakamaliza, wakala, wakaendelea. Yeye tulimnyima hilo. Yule kijana aliokoa kila mtu siku ile, na sauti yake ikamfunga mkewe maisha.

Basi nawe unayenisikiliza, kama una gari, usingoje tope. Leo hii, likiwa kavu, lala chini ulitazame. Ujue ipi ni pete ya kulifungia juu ya behewa na ipi ni kulabu ya kulivutia. Weka kitu kizito juu ya mnyororo, na watu wasimame mbali, hata wakinuna. Na akitokea mtu asiyechafuka na tope akakuelekeza, mfuate, lakini usimwache aahidi kitu. Maneno ya mtu kama huyo hayana wa kuyatimiza, na anayeyasikia hana wa kumdai.

Mwaka juzi nilikwenda kumtembelea Esperansi. Binti yake alikuwa uani anatwanga kisamvu, msichana mrefu, mzuri ajabu. Tulikaa tukimtazama, na kwa mara ya kwanza nikapata moyo wa kumwomba Esperansi radhi kwa kumzuia asigeuke siku ile garini.

Mchi ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka.

"Sista," alisema, macho kwa binti yake, "kila siku nachagua tena. Na kila siku sigeuki."