Mkono wa Kulia wa Bibi Indumati

Saa nne asubuhi Kariakoo imeshachemka. Chini mtaani wauza mitumba wananadi kwa kushindana. Juu, ghorofa ya tatu, muuguzi Candida Mlay amevuta kiti hadi kitandani, anautazama mdomo wa mgonjwa wake.

Bibi Indumati, aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi, ameufumba. Kijiko kinarudi kimejaa.

"Sista, weka dripu basi!" anafoka mwanawe, Yogesh, mwenye duka la vitambaa. "Kumwangalia tu, hata mimi najua."

"Kama unajua, kaka, niambie: kwa nini maji anameza vizuri, chakula anakataa?"

Yogesh anatazama saa. Jioni daktari atakuja kumpitishia mama mpira wa chakula puani, na Yogesh ameshakubali.

Candida aliacha wodi ya serikali mwanzoni mwa miaka ya tisini, zahanati za watu binafsi ziliporuhusiwa tena baada ya kupigwa marufuku, akaanza kuuguza wagonjwa majumbani. Mshahara wa wodini, anasema, "ulikata roho kabla mwezi haujafika katikati." Sasa kipato ni mara mbili, ila swali la watu ni lile lile: unamsaidia daktari gani?

Linamchoma. "Daktari anatibu kiharusi. Mimi namuuguza mtu aliyepata kiharusi. Ni sayansi yenye maswali yake na ushahidi wake. Mfamasia mbona haulizwi anamsaidia nani?"

Jana alimpa bibi kijiko mkono wa kushoto, ulio mzima. Akakitupa. Tangu hapo Candida anawaza.

"Dada Darshana," anamgeukia mke wa Yogesh, "mama amewahi kula kwa kushoto?"

"Thubutu! Wajukuu wenyewe anawachapa kwa hilo."

"Na kulishwa je?"

"Mama huyu? Nyumba nzima alikuwa anailisha yeye."

Candida anaweka kijiko pembeni. Anamkalisha bibi wima, anaupitisha mkono wake chini ya ule wa kulia uliolegea, na vidole vyao pamoja vinafinyanga tonge dogo la wali laini wa dengu. Vinapanda polepole.

Mdomo unafunguka. Bibi anatafuna, anameza.

"Chumvi… hakuna," anasema.

Yogesh anacheka huku akifuta macho. "Sista, wewe ungesomea udaktari!"

"Nimeomba chuo, kaka. Shahada ya uuguzi." Hajajibiwa. Akipata nafasi, anataka kuchunguza jambo hili hili: "Wangapi tunasema hawana hamu ya kula, kumbe wana haya?"

Bibi Indumati anagonga ukingo wa sahani kwa mkono wa kushoto. Maneno yamekuwa mengi, na mkono wa kulia unasubiri kuinuliwa.